Vimeng'enya Virekebishi na Upashanaji Habari wa Seli: Maelezo Pamoja na Suala la Istilahi

Neno kimeng'enya limekwisha kupata makao katika Kiswahili cha sayansi. Limeundwa kutokana na kitenzi meng'enya, yaani kumega na kuvunjavunja kitu kikawa vipande vidogo, hasa chakula. Mwalimu wa shule ya sekondari anapoeleza jinsi mate yanavyogeuza wanga wa muhogo kuwa sukari, neno hilo humfaa barabara, kwani wanafunzi huiona kazi yenyewe ndani ya neno. Taabu huanza pale somo linapotoka kinywani na tumboni na kuingia ndani ya seli. Humo mna vimeng'enya vingi ambavyo havimeng'enyi chochote. Vingine huunganisha, vingine hupachika, na vipo ambavyo kazi yao yote ni kuviamsha au kuvituliza vimeng'enya vingine. Hivi vya mwisho ndivyo vinavyozungumzwa katika makala haya.

Suala hili si la wanasayansi peke yao. Dawa nyingi za saratani zilizoanza kutumika tangu mwaka 2001 hufanya kazi kwa kukiziba kimeng'enya cha aina hii, na mgonjwa anayepewa dawa hizo hutakiwa kuzimeza kila siku kwa miaka mingi, hata akijiona mzima. Iwapo lugha anayoelezwa kwayo inampa picha ya usagaji wa chakula tu, ni vigumu kutarajia aelewe kwa nini asiache.

Hata hivyo haifai kulilaumu neno la Kiswahili kana kwamba lugha nyingine zilibahatika zaidi. Jina la kimataifa la vimeng'enya lilibuniwa na Mjerumani Wilhelm Kühne katika miaka ya 1870 kwa kuunganisha maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya chachu". Chimbuko lake basi ni chungu cha unga unaoumuka, na chimbuko hilo ni jembamba sawa na la tumbo. Wazungumzaji wa lugha za Ulaya wameisahau chachu hiyo, na neno limebaki alama tupu. Yamkini kimeng'enya nacho kitafika huko. Lakini kwa sasa mzizi wake bado u hai masikioni mwa msemaji, na jambo hilo ni faida na hasara kwa wakati mmoja.

Kutia na kutoa

Njia kuu ambayo seli huitumia kubadili mwenendo wa protini zake ni kuzipachika kikundi kidogo cha fosfati na baadaye kukiondoa. Kimeng'enya kinachopachika huitwa kinasi, na kinachoondoa huitwa fosfatasi. Kinasi huitwaa fosfati kutoka katika adenosini trifosfati, ambayo ndiyo akiba ya nguvu ya seli, na kuibandika juu ya mojawapo ya asidi amino tatu, nazo ni serini, threonini na tairosini. Fosfati ina chaji hasi mbili, kwa hiyo ikishaingia huvuta sehemu moja ya protini na kuisukuma nyingine, umbo hubadilika, na pamoja na umbo hubadilika kazi. Binadamu ana jeni za kinasi za protini zaidi ya 500, katika jumla ya jeni zipatazo 20,000 zenye maelekezo ya kuunda protini. Jeni za fosfatasi hazifiki nusu ya hizo za kinasi.

Msomi wa lugha za Kibantu hatapata shida kulifahamu jambo hili, kwa sababu linafanana sana na mnyambuliko wa vitenzi. Mzizi hubaki ule ule, kiambishi hutiwa, na kazi ya neno hugeuka. Tena kama ilivyo katika mnyambuliko, si sahihi kudai kwamba kiambishi kimoja kina maana moja popote kiingiapo. Mtu aliyefia nchi yake na mtu aliyefia ugenini wametumiwa kauli ile ile ya kutendea, lakini huyu wa kwanza imemwonyesha sababu na huyu wa pili imemwonyesha mahali. Fosfati nayo ni hivyo. Katika ini na misuli kipo kimeng'enya kinachovunja akiba ya glikojeni ili kupata sukari, kiitwacho fosforilasi, na kipo kinachoijenga akiba hiyo hiyo. Fosfati ikipachikwa kwenye fosforilasi huiamsha. Ikipachikwa kwenye kile kijengacho hukilaza. Kwa hiyo amri moja hufungua ghala na papo hapo kuwasimamisha wanaoweka nafaka ndani. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba "fosfati huwasha" amewapa nusu ya kweli, na nusu hiyo itawapotosha mtihanini na hospitalini.

Mfano wa mnyambuliko una mpaka wake. Msemaji hulichagua neno lililonyambuliwa na kulitamka likiwa kamili. Hakai akilitia kiambishi na kukitoa mara kwa mara ndani ya nukta chache. Seli hufanya hivyo bila kupumzika. Kinasi na fosfatasi huifanyia kazi protini ile ile kwa wakati mmoja, na hali ya protini ni matokeo ya mvutano baina yake, wala si uamuzi wa upande mmoja. Hapa ndipo panapozuka ugumu wa kuviita vimeng'enya hivi "vidhibiti", kama ambavyo wengi wangependelea. Katika Kiswahili cha magazeti na redio, kinachodhibitiwa ni ghasia, moto, wezi na maradhi. Kudhibiti kumekuwa kukandamiza. Kimeng'enya kinachoamsha kingeonekana hakistahili jina hilo, ilhali kuamsha ni sehemu ya kazi kama kulaza kulivyo. Kurekebisha kunabeba pande zote mbili, kupandisha na kushusha, na kwa sababu hiyo neno kirekebishi ndilo lililochukuliwa katika makala haya.

Jina lililotangulia maarifa

Historia ya ugunduzi huu ina funzo kwa yeyote ajishughulishaye na istilahi. Katika miaka ya 1940, Carl na Gerty Cori, mume na mke waliofanya kazi katika mji wa St. Louis huko Marekani na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1947, walitambua kwamba fosforilasi ya misuli ina sura mbili, moja iliyo tayari kwa kazi na nyingine inayohitaji kuongezewa kemikali ndogo ya adenosini monofosfati ndipo ifanye kazi. Walipata pia kimeng'enya kinachoigeuza sura ya kwanza kuwa ya pili. Wakadhani kwamba kimeng'enya hicho kinaiondoa ile kemikali ndogo kutoka katika protini, na wakakipa jina linaloeleza hivyo hivyo, yaani kiondoa kiambata. Jina hilo lilikubalika na likatumika kwa zaidi ya miaka kumi.

Lilikuwa jina la makosa. Mnamo mwaka 1955, Edmond Fischer na Edwin Krebs katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle walionyesha kwamba tofauti ya sura hizo mbili ni fosfati tu, na kwamba kipo kimeng'enya cha kuipachika. Kile cha akina Cori kilikuwa fosfatasi, fosfatasi ya protini ya kwanza kujulikana, lakini jina lake lilikuwa limeificha kazi yake. Namna Fischer na Krebs walivyofika hapo inastahili kusimuliwa. Wao waliisafisha rojo ya misuli ya sungura kwa mashine ya kuzungusha, na kila mara wakapata ile sura iliyolala. Walipoirudia njia ya zamani ya kuichuja kwa karatasi ya chujio, wakapata ile iliyo macho. Kumbe karatasi ilikuwa na chembe za kalsiamu, na kalsiamu ndiyo iliyoiamsha kinasi iliyomo ndani ya rojo. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992, miaka 37 baadaye.

Jina kinasi lenyewe lina mzizi wa Kigiriki wenye maana ya mwendo, mzizi ule ule uliotupatia neno sinema. Anayelisikia kwa mara ya kwanza kwa sikio la Kiswahili huenda akadhani linahusiana na kunasa, au na kinasaba, neno ambalo wanabiolojia wetu wamekwisha kulitumia kwa mambo ya urithi. Hatari hiyo ipo, lakini ni ndogo kuliko ya kubuni neno jipya kwa kila kimeng'enya. Kiishio cha majina haya, ambacho Kiswahili hukitamka -asi, kilitokana na jina ambalo Wafaransa Payen na Persoz walikipa kimeng'enya cha shayiri mwaka 1833, na leo kinatambulisha jamii nzima ya vitu. Kukitupa ni kuutupa utaratibu.

Mjumbe au tarishi

Kinasi haiamki yenyewe. Mtu akikurupushwa na nyoka njiani, tezi zilizo juu ya mafigo yake humwaga adrenalini katika damu. Homoni hiyo haiingii ndani ya seli za ini. Hubisha hodi tu kwenye kipokezi kilicho katika utando wa nje. Kipokezi kikishikwa huigusa protini iliyo upande wa ndani, ijulikanayo kama protini-G, nayo hukiamsha kimeng'enya cha adenili siklasi, ambacho huanza kutengeneza kemikali ndogo iitwayo adenosini monofosfati ya mviringo. Kemikali hii husambaa ndani ya seli na kuiamsha kinasi moja, kinasi hiyo huipachika fosfati kinasi ya pili, ya pili huipachika fosforilasi, na sukari hutoka. Katika kila hatua idadi huongezeka, kwa kuwa kimeng'enya kimoja kilichoamshwa huweza kuamsha vingi. Ni sawa na mbiu ya mgambo inayopokewa na kijiji baada ya kijiji, ila hapa kila kijiji kinachopokea huwatuma wapiga mbiu wengi badala ya mmoja.

Kemikali ile ya mviringo iligunduliwa na Earl Sutherland na Theodore Rall mjini Cleveland katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, na Sutherland akatunukiwa Nobel mwaka 1971. Katika lugha za Ulaya huitwa mpeleka habari wa pili, ikiwa homoni ndiyo wa kwanza. Je, Kiswahili kimwite mjumbe au tarishi? Mjumbe amekuwa na madaraka. Huketi katika kamati, hutoa maoni na hupiga kura, na yule wa nyumba kumi katika Tanzania alikuwa na sauti mtaani. Tarishi huchukua bahasha kutoka ofisi moja hadi nyingine bila kuifungua. Kemikali hii haina maoni. Ini na moyo huipokea ile ile na kuitikia kwa njia tofauti, kwa sababu uamuzi u katika kinasi zilizomo na protini zilizo karibu nazo. Kwa hiyo tarishi ndiye astahiliye, ingawa ofisi zilizokuwa na matarishi zinazidi kupungua.

Kila tarishi hana budi kuondolewa, la sivyo amri haitaisha. Kazi hiyo ni ya fosfodiesterasi, kimeng'enya ambacho huuvunja mviringo. Kafeini iliyomo katika kahawa na chai hukizuia kimeng'enya hiki katika chupa za maabara, na kwa muda mrefu vitabu viliieleza hiyo kuwa ndiyo sababu ya kahawa kumchangamsha mnywaji. Imekuja kubainika kwamba kwa kiasi ambacho watu hunywa, kafeini hufanya kazi hasa kwa kuviziba vipokezi vya adenosini. Maelezo ya zamani bado hukutana nayo mtu katika vitabu vya shule.

Sumu ya kipindupindu

Protini-G, ambayo kwa ajili ya ugunduzi wake Alfred Gilman na Martin Rodbell walipewa Nobel mwaka 1994, nayo ni kimeng'enya. Inapoamshwa huwa imeshika kemikali ya guanosini trifosfati, na hubaki macho hadi itakapoivunja kemikali hiyo yenyewe. Imepewa saa yake ndani yake. Hapa neno kimeng'enya linarudia maana yake ya asili, maana kazi ni kumega kweli, na mmego huo ndio unaoizima ishara.

Ugonjwa wa kipindupindu ni kuharibika kwa saa hiyo. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kuhusu mikurupuko ya ugonjwa huu katika Afrika ya Mashariki na jinsi ulivyofuata njia za misafara na vyombo vya baharini. Katika zama zake hapana aliyejua unaua vipi. Mwaka 1959 Sambhu Nath De alionyesha huko Kalkuta kwamba bakteria wa kipindupindu hutoa sumu, na kwamba sumu hiyo peke yake yatosha kuujaza utumbo maji. Sumu yenyewe ni kimeng'enya. Sehemu yake moja huingia ndani ya seli za utumbo na kuibandika protini-G kipande cha kemikali mahali ambapo huizuia kumega. Saa husimama. Adenili siklasi huendelea kutengeneza matarishi bila kikomo, kinasi hubaki macho, milango ya kloridi katika utando hufunguka, na maji huifuata chumvi kutoka nje. Mgonjwa aliyezidiwa huweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Utumbo haukujeruhiwa wala seli hazikuuawa; zimepewa amri isiyoisha, nazo zinaitii. Waliokipa kipindupindu jina lake kutokana na kupindua walimtazama mgonjwa kwa nje, lakini jina lao linaielezea pia seli yake.

Tiba yake iliyookoa watu wengi kupita kiasi haikigusi kimeng'enya chochote kati ya hivyo. Utumbo una mlango mwingine unaopitisha sukari na chumvi kwa pamoja kuelekea ndani, na sumu haiudhuru mlango huo. Jaribio lililofanywa Dhaka mwaka 1968 na David Nalin na Richard Cash lilithibitisha kwamba mgonjwa anayenyweshwa maji yenye sukari na chumvi kwa kipimo huhitaji maji machache sana ya mshipani. Mama anayekoroga pakiti ya chumvichumvi kwa ajili ya mwanawe anapita mlango wa nyuma wa seli ambayo mlango wake wa mbele umegoma kufungwa.

Kinasi isiyozimika

Mifano mingine ya maradhi ingeweza kutajwa. Kipokezi cha insulini ni kinasi ya tairosini, jambo lililojulikana mwaka 1982, na katika kisukari cha ukubwani homoni huwapo huku habari yake ikififia ndani ya seli. Dawa ya siklosporini, wanayopewa watu waliopandikizwa figo, huiziba fosfatasi moja katika seli za kinga. Lakini hakuna ugonjwa unaoonyesha nguvu ya kirekebishi kimoja kama saratani ya damu aina ya lukemia sugu ya mieloidi.

Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford waliona mjini Philadelphia kwamba seli za wagonjwa hao zina kromosomu moja fupi isivyo kawaida. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago alieleza sababu: kromosomu ya 9 na ya 22 zimekatika na kubadilishana vipande. Katika mshono huo, jeni iitwayo ABL, yenye maelekezo ya kinasi ya tairosini, huunganishwa na jeni nyingine iitwayo BCR, na kutokea protini moja yenye vichwa vya mbili. Kinasi ya ABL iliyo nzima hulala hadi iitwe. Hii iliyoshonwa hailali. Humwaga fosfati usiku na mchana, na seli nyeupe za damu, zikidhani zimeamriwa, huzaana.

Dawa ya imatinibu iliundwa ili ikae katika mfuko ambamo kinasi hii huishika adenosini trifosfati. Majaribio kwa wagonjwa yalianza mwaka 1998 chini ya Brian Druker wa Oregon. Kati ya wagonjwa 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, 53 hesabu ya damu yao ilirudi kuwa ya kawaida, na mwezi Mei 2001 dawa ikaidhinishwa Marekani. Hapa tofauti ya kuponya na kurekebisha ni tofauti ya uhai na mauti. Dawa haiungi kromosomu iliyokatika. Huinyamazisha kinasi kwa muda ambao imo mwilini, na ikiachwa, mara nyingi ugonjwa hurejea. Wapo wagonjwa ambao baada ya miaka mingi ya matokeo mazuri huachishwa chini ya uangalizi wa karibu wa madaktari, lakini hilo ni jambo la vipimo, wala si la mtu kujihisi mzima. Mhudumu anayemwambia mgonjwa kwamba dawa hii "inaua ugonjwa" amemwandalia sababu ya kuiacha siku atakapojisikia nafuu.

Nayo kinasi hujitetea. Katika nafasi ya 315 ya protini hiyo, asidi amino ya threonini ikibadilishwa na isolusini, imatinibu haipati tena pa kushika. Ni herufi moja katika maandishi marefu. Dawa kadhaa zilizofuata zilishindwa na badiliko hilo pia, kwa sababu nazo ziliutafuta mfuko ule ule; ponatinibu, iliyoidhinishwa mwaka 2012, ndiyo ya kwanza iliyolishinda. Mwaka 2021 ikaja asiminibu, ambayo haigusi mfuko wa adenosini trifosfati hata kidogo. Katika ABL iliyo nzima, mwanzo wa protini una kipande cha mafuta kinachojikunja na kuingia katika shimo lililo upande wa pili wa kinasi, na kwa kufanya hivyo huilaza. BCR iliposhonwa mbele ya ABL, mwanzo huo ulikatwa. Kinasi ilipoteza kiambishi chake cha awali, na asiminibu huingia katika shimo lililoachwa wazi na kukaa mahali pake.